Mapigo Mangapi kwa Dakika? Namna ya Kupata Kipimo cha Moyo Wako Unapofanya Mazoezi

Kila Jumamosi alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya bahari, ufukwe wa Shangani mjini Mtwara huwa na watu wa kila rika: vijana wanaokimbia kwa makundi, akina mama wanaotembea kwa kasi huku kanga zimefungwa barabara kiunoni, na wastaafu wachache walioambiwa na daktari wapunguze uzito. Nimeongoza kikundi kimojawapo kwa miaka kadhaa. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote huja pale mtu anaposimama akitweta, akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono au akatazama saa yake, kisha akasema: "Mwalimu, moyo unapiga 150. Ni sawa?"

Swali hilo halina jibu moja kwa watu wote. Mapigo 150 kwa dakika ni kazi ngumu kiasi kwa kijana wa miaka 22 mwenye afya njema, lakini anaimudu kwa muda mrefu. Kwa mtu wa miaka 65 mapigo hayohayo yanakaribia ukingo wa uwezo wa moyo wake. Kwa mtu anayemeza aina fulani ya dawa za presha, hiyo ni namba ambayo huenda asiifikie hata akikimbia kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana ninawasihi watu wasiazime namba ya jirani. Kila mtu anaweza kuipata ya kwake kwa vidole viwili, saa inayoonyesha sekunde, na hesabu za shule ya msingi.

Moyo ni msuli, na kama ilivyo kwa misuli mingine, huimarika unapopewa kazi inayozidi kidogo ile uliyoizoea. Ukiupa kazi ndogo mno, haubadiliki. Ukiupa kazi kubwa mno, pumzi inakatika baada ya dakika chache na mazoezi yanaishia hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kiwango cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya kiwango cha juu kwa dakika 75 hadi 150, au wachanganye yote mawili. Ushauri huo ni mzuri, lakini mtu wa kawaida atajuaje kwamba mwendo wake ni wa wastani na si wa juu? Mwendo unaomtoa jasho mmoja ni matembezi tu kwa mwingine. Mapigo ya moyo ndiyo yanayompa kila mmoja kipimo chake.

Kabla ya hesabu yoyote, kuna watu wanaopaswa kuonana kwanza na daktari au tabibu wa zahanati iliyo karibu: mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au kisukari, anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia anapofanya kazi nzito, mjamzito, na mtu aliyekaa miaka mingi bila mazoezi ambaye sasa anataka kuanza kwa kukimbia. Kutembea taratibu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kukimbia kwa mtu wa namna hiyo kunahitaji.

Anza na moyo uliotulia

Namba ya kwanza unayoihitaji ni mapigo yako ya mapumziko, yaani idadi ya mapigo kwa dakika wakati mwili haufanyi kazi yoyote. Wengi huipuuza hatua hii na kukimbilia hesabu ya umri, nami naona kwamba hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia, kwa kuwa umri unasema habari za watu wote waliozaliwa mwaka wako, ilhali mapigo ya mapumziko yanasema habari zako wewe.

Pima asubuhi unapoamka, ukiwa bado umelala kitandani. Ukishainuka kwenda kuchota maji au kuwasha jiko, mapigo yameshapanda. Usiwe umekunywa chai wala kahawa, na kama ni adhana ya alfajiri au mtoto aliyekuamsha kwa kushtua, tulia dakika chache kwanza. Geuza kiganja cha mkono mmoja kitazame juu. Chukua kidole cha shahada na kidole cha kati cha mkono wa pili, uviweke kwenye kifundo, upande wa chini ya kidole gumba, katika kile kibonde kilicho kati ya mfupa na mshipa mgumu unaojitokeza unapokunja kiganja. Bonyeza kidogo tu. Ukibonyeza sana unaufunga mshipa wa damu na huhisi kitu. Ukigusa juujuu pia huhisi kitu. Sogeza vidole kidogo huku na huku mpaka uhisi mdundo mdogo unaoinua ncha za vidole. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa sababu kina mdundo wake chenyewe, nawe unaweza kuhesabu mapigo ya gumba ukidhani ni ya kifundo.

Ukishaupata mdundo, anza kuhesabu kwa dakika nzima. Pigo lile linaloangukia mwanzoni kabisa mwa dakika liite sifuri, linalofuata moja, na kuendelea. Simu ya kitochi yenye saa ya kuhesabu sekunde inatosha kabisa. Andika namba, na ufanye hivyo kwa asubuhi tatu. Tuseme umepata 71, 74 na 71: jumla yake ni 216, nayo ukiigawa kwa 3 unapata 72. Hayo ndiyo mapigo yako ya mapumziko.

Kwa mtu mzima, mapigo ya mapumziko huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Waliozoea mazoezi mazito kwa miaka mingi wanaweza kuwa na mapigo ya 50 hata pungufu yake, na kwao si ugonjwa, kwa sababu moyo wenye nguvu husukuma damu nyingi kwa pigo moja. Lakini ukipata zaidi ya 100 siku tatu mfululizo ilhali umetulia, au ukihisi mdundo unarukaruka bila mpangilio, au ukipata chini ya 50 na wewe si mtu wa mazoezi na unasikia uchovu au kizunguzungu, acha hesabu za mazoezi uende hospitali kwanza. Upungufu wa damu, homa, matatizo ya tezi la shingo na maradhi ya moyo yenyewe huweza kujionyesha kwa njia hiyo.

Ukomo wa juu

Namba ya pili ni ukomo wa mapigo, yaani idadi kubwa kabisa ambayo moyo wako unaweza kuifikia ukifanya kazi kwa nguvu zote. Ukomo huo hushuka kadiri umri unavyopanda, na mazoezi hayauzuii kushuka. Njia ya uhakika ya kuujua ni kupimwa na wataalamu juu ya mashine ya kukimbilia huku moyo ukifuatiliwa kwa nyaya, jambo ambalo wengi wetu hatutalifanya. Kwa hiyo tunakadiria.

Kadirio linalojulikana kuliko mengine ni kutoa umri kutoka 220. Lilienezwa na watafiti wa Marekani, Samuel Fox na William Haskell, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nalo limebandikwa kwenye kuta za kumbi za mazoezi dunia nzima. Uzuri wake ni wepesi wa kukumbukwa. Udhaifu wake ni kwamba huwapa vijana namba iliyo juu kidogo na wazee namba iliyo chini mno. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake, baada ya kukusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha maelfu ya watu, walipendekeza kadirio jingine: zidisha umri wako kwa 0.7, kisha toa jibu kutoka 208. Kwa mtu wa miaka 40 njia zote mbili zinatoa 180. Kwa mtu wa miaka 60, ya kwanza inatoa 160 na ya pili inatoa 166. Kwa wanawake, Martha Gulati na wenzake wa Chicago walitoa mwaka 2010 kadirio lao: umri mara 0.88, jibu litolewe kutoka 206. Mwanamke wa miaka 50 kwa hesabu hiyo anapata 162, wakati hesabu ya zamani inampa 170.

Katika kikundi chetu tunatumia hesabu ya Tanaka, na mwanamke anayeona namba aliyoipata ni kali kwake tunamhamishia kwenye ile ya Gulati. Ila nasisitiza jambo moja kila mara: hizi zote ni wastani. Watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 10, hata 20, katika ukomo wao wa kweli, na wote wawili wakawa wazima. Mtu asijisukume kuifikia namba kwa sababu karatasi imesema.

Kuziunganisha namba mbili

Hapa ndipo mapigo ya mapumziko yanapofanya kazi yake. Njia nitakayoieleza inaitwa kwa jina la Martti Karvonen, mtafiti wa Ufini aliyeiandika mwaka 1957. Toa mapigo ya mapumziko kutoka kwenye ukomo. Kinachobaki ni akiba ya moyo, yaani nafasi uliyonayo kati ya kutulia kabisa na kufika mwisho. Kiwango cha wastani ni asilimia 40 hadi 60 ya akiba hiyo, na cha juu ni kuanzia asilimia 60 hadi karibu 90. Ukishapata asilimia unayoitaka, rudisha juu yake mapigo ya mapumziko uliyokuwa umeyatoa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na mtu hushangaa kuona ameambiwa afanye mazoezi kwa mapigo 40!

Tuchukue mtu wa miaka 50 ambaye mapigo yake ya mapumziko ni 75. Miaka 50 mara 0.7 ni 35, na 208 kutoa 35 ni 173. Akiba yake ni 173 kutoa 75, yaani 98. Asilimia 40 ya 98 ni kama 39. Ukijumlisha 75 unapata 114. Asilimia 60 ni kama 59. Ukijumlisha 75 unapata 134. Kwa hiyo kiwango chake cha wastani ni mapigo 114 hadi 134 kwa dakika. Sasa mchukue mwenzake wa umri uleule ambaye amecheza mpira na kuendesha baiskeli maisha yake yote, na mapigo yake ya mapumziko ni 58. Akiba yake ni 115, na kiwango chake cha wastani kinakuwa 104 hadi 127. Wakitembea bega kwa bega, wa kwanza akiwa na mapigo 130 na wa pili naye 130, wa kwanza bado yuko kwenye wastani na wa pili ameshaingia kwenye kiwango cha juu.

Ipo njia fupi zaidi inayotumia ukomo peke yake: asilimia 50 hadi 70 ya ukomo kwa mazoezi ya wastani, na 70 hadi 85 kwa mazoezi ya juu. Kwa mtu wetu wa miaka 50, kwa hesabu ya 220, wastani unakuwa mapigo 85 hadi 119. Tazama hiyo 85. Mtu ambaye moyo wake unapiga 75 akiwa amelala atafika 85 kwa kusimama tu na kwenda mlangoni kumpokea mgeni. Ndiyo sababu siipendi njia hii kwa mtu ambaye ameshajipima asubuhi tatu.

Kupima ukiwa katikati ya mazoezi

Ukisimama, moyo unaanza kushuka mara moja, kwa hiyo huna dakika nzima ya kuhesabu. Simama, tafuta mdundo ndani ya sekunde chache, hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukihesabu 31, mapigo yako ni 124. Wapo wanaohesabu kwa sekunde 10 na kuzidisha kwa 6, na wana hoja, kwa kuwa moyo haupati muda wa kushuka. Lakini ukikosea pigo moja tu katika sekunde 10, jibu lako limekosea kwa mapigo 6. Kwa anayeanza, sekunde 15 ni salama zaidi.

Kwenye mkono uliolowa jasho mdundo huwa mgumu kuupata, na wengine hupendelea shingo. Weka vidole viwili pembeni mwa koromeo, upande mmoja tu, na uguse kwa wepesi. Usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja hata siku moja, na wazee wabaki na kifundo cha mkono, maana kubonyeza mshipa wa shingoni kunaweza kuushusha moyo ghafla na kumwangusha mtu.

Ili usifanye hesabu huku unahema, andaa namba zako nyumbani. Mtu wa miaka 50 wa mfano wetu, mwenye kiwango cha 114 hadi 134, agawe kwa 4: anapaswa kuhesabu kati ya mapigo 29 na 33 katika sekunde 15. Hizo ndizo namba mbili za kukariri. Katika kikundi chetu kila mtu ameziandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha boksi alichokichomeka kwenye kava la simu.

Pumzi ithibitishe namba

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua mchakamchaka: kiranja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inakwenda kwa mdundo. Bila kujua, tulikuwa tukipima mioyo yetu. Mtu aliye katika kiwango cha wastani anaweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba kwa raha. Aliye katika kiwango cha juu hutoa maneno mawili matatu kisha anatafuta pumzi. Anayeimba ubeti mzima kwa utulivu yuko chini ya kiwango.

Lakini kuna jambo nililoligundua baada ya muda. Kuitikia hakutoshi kuwa kipimo, kwa sababu kiitikio ni kifupi na mtu aliyechoka anaweza kukificha kwenye sauti za wenzake. Ukitaka kujua hali yake, mpe aanzishe yeye. Kama hawezi kumaliza mstari, mpunguzie mwendo, hata kama saa yake inaonyesha namba nzuri. Namba ikisema uko sawa na pumzi ikasema hapana, isikilize pumzi.

Hili nililijifunza kwa uchungu kupitia kwa mama yangu mdogo. Akiwa na miaka 61 alijiunga na ukumbi wa mazoezi katika mji mwingine, ambako kulikuwa na jedwali ukutani, na mkufunzi akamwambia lazima afikishe mapigo 130. Kila akipimwa alikuwa 95, mara 98, huku anatweta na miguu inatetemeka, naye akaambiwa aongeze bidii kwa sababu bado hajafika. Siku ya tatu alishika ukuta asianguke. Jioni akanipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mie moyo wangu umegoma kupanda. Sijui nina nini."

Nikamwomba anisomee maandishi ya boksi la dawa yake ya presha. Akasoma herufi moja moja: atenolol.

Dawa za jamii hiyo, kama atenolol, propranolol, bisoprolol na carvedilol, huzuia homoni ya adrenalini isiuharakishe moyo. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo inayomlinda mgonjwa. Moyo wa mama mdogo ulikuwa unafanya kazi yote unayoweza. Jedwali ndilo lililokuwa si lake. Mtu anayetumia dawa hizi asitumie hesabu ya umri hata kidogo. Amwombe daktari wake ampangie kiwango, na mwenyewe ajiongoze kwa pumzi. Wala asithubutu kuacha dawa ili mapigo yapande, kwa sababu kuiacha ghafla ni hatari kubwa kwa moyo.

Kwa watu kama yeye, na kwa wajawazito pia, hufaa kipimo cha Gunnar Borg, mtafiti wa Uswidi, kinachoanzia 6 hadi 20. Sita ni kukaa kitako bila kazi, ishirini ni kufika mwisho wa nguvu zako. Unajiuliza kwa unyofu: kazi hii ninaiona ngumu kiasi gani? Wastani ni 12 au 13. Borg aliipanga hivyo kwa sababu, kwa mtu mzima asiyetumia dawa za kushusha mapigo, jibu ukilizidisha kwa 10 hukaribia mapigo yake ya wakati ule.

Joto la pwani na namba zako

Wakazi wa Mtwara na Lindi tuna jambo ambalo majedwali mengi hayalitaji. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusi unapovuma, asubuhi huwa na ubaridi na mwili unapoa kwa urahisi. Novemba na Desemba, joto linapopita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu, jasho halikauki. Mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, maji yanapungua mwilini, na moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kwenye daftari langu, njia moja niliyoitembea kwa muda uleule ilinipa mapigo 128 mwezi Julai na 141 mwezi Desemba. Miguu haikuongeza kasi, ni joto.

Kwa hiyo fuata mapigo, usifuate kasi. Msimu wa joto ukikutaka upunguze mwendo ili ubaki ndani ya kiwango chako, punguza bila kuona haya. Toka kabla ya jua kuchomoza au subiri linapozama, na unywe maji kabla ya kiu. Utaona pia kwamba hata katika asubuhi moja, bila kubadili mwendo, mapigo hupanda polepole kadiri dakika zinavyopita. Ni kawaida, lakini ina maana kwamba kupima mara moja dakika ya kumi hakutoshi; pima tena dakika ya thelathini.

Ardhi nayo ina neno. Mchanga mkavu wa ufukweni hukamata mguu na kuupandisha moyo kuliko mchanga uliolowa ambapo maji yametoka kupwa. Kipando cha kwenda Boma la Mikindani kitakupa kwa dakika tano kile ambacho barabara tambarare inakupa kwa ishirini. Huko Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, akina mama waliozoea kupanda na kushuka miteremko na ndoo kichwani, na kila anayelima shamba la mikorosho kwa jembe la mkono, wanaweza kujipima wakiwa kazini na kukuta kwamba tayari wamo kwenye kiwango cha wastani au cha juu. Dakika hizo zihesabiwe. Ngoma ya sindimba nayo ihesabiwe, tena kwa uzito wake.

Mwezi wa Ramadhani, anayefunga asikimbie mchana. Nusu saa ya kutembea kabla ya futari, katika ukingo wa chini wa kiwango chake, inafaa kwa kuwa maji yako karibu. Anayetaka mazoezi ya nguvu zaidi angoje baada ya tarawehe. Na mwenye homa asifanye mazoezi kabisa, iwe ni malaria au mafua, kwa sababu homa peke yake inaupandisha moyo hata ukiwa umelala.

Wenye saa janja

Saa hizi humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma jinsi damu inavyopita. Zinasaidia, ila zina kasoro za kuzijua. Ikilegea, husoma vibaya, kwa hiyo ifunge ikae imara, upana wa kidole juu ya mfupa wa kifundo. Wakati wa kukimbia baadhi yake hudanganyika na kuhesabu mdundo wa hatua badala ya mapigo. Ukiona namba imeruka ghafla kufikia 165 ilhali unazungumza vizuri, simama upime kwa vidole. Tena saa nyingi zinagawa viwango kwa hesabu ya 220. Ingia kwenye mipangilio yake uweke ukomo na mapigo ya mapumziko uliyoyapata mwenyewe. Mkanda unaofungwa kifuani ni sahihi zaidi kwa sababu husoma umeme wa moyo, lakini sioni haja ya mwanzilishi kuununua.

Wiki za mwanzo

Anza kila mara na dakika 5 hadi 10 za mwendo wa pole, mapigo yapande kwa hatua. Kisha baki karibu na ukingo wa chini wa kiwango chako cha wastani kwa wiki mbili tatu za kwanza, hata kama unajiona una nguvu za kufanya zaidi. Ukifika pale ambapo dakika 30 hazikuchoshi, sogea katikati ya kiwango. Kiwango cha juu kisubiri, na kwa wengi si lazima kabisa. Usisimame ghafla mwishoni. Tembea taratibu dakika tano, damu isije ikabaki miguuni ukapata kizunguzungu.

Ukipenda, pima mara tu unapoanza kupunguza mwendo na upime tena baada ya dakika moja ya kutembea taratibu. Moyo ulio na hali nzuri hushuka kwa mapigo 12 au zaidi katika dakika hiyo. Usiposhuka kiasi hicho mara kwa mara, mweleze daktari. Na kama wakati wowote utapata maumivu au mbano kifuani, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, kukosa pumzi kusikolingana na kazi unayoifanya, au kuona giza machoni, acha hapohapo, kaa chini, na upelekwe hospitali bila kusubiri kuona kama yatapita.

Rudia kipimo cha asubuhi tatu kila baada ya miezi mitatu. Yule mtu wa miaka 50 aliyeanza na mapigo 75 ya mapumziko, tuseme sasa anapata 69. Ukomo wake haujabadilika, bado 173, lakini akiba imekuwa 104, na kiwango chake cha wastani kimeshuka kutoka 114 hadi 134 kuwa 111 hadi 131. Kwa sekunde 15 sasa anatafuta kati ya 28 na 32. Afute namba za zamani kwenye kile kipande cha boksi aandike hizi, na asishangae akikuta kwamba ili azifikie inambidi atembee kwa kasi kuliko alivyotembea miezi mitatu iliyopita.